Spika ya Upande wa Kulia

Mwezi wa Januari, siku ambayo baridi ilikuwa inachoma pua hata ndani ya skafu, Eliakim Nyabuto aliokota amplifaya kando ya barabara. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa anahama, na kama ilivyo kawaida katika mtaa wao wa Brooklyn Park, vitu alivyoshindwa kubeba alivipanga juu ya theluji na kipande cha boksi kilichoandikwa kwamba ni vya bure. Eliakim alikuwa anatoka kazini. Akasimamisha gari, akaipangusa ile amplifaya kwa mkono wa koti, akaibeba kwa mikono miwili hadi kiti cha nyuma, akaifunga mkanda.

Aliiacha ikauke siku mbili kabla ya kuiwasha. Ikawaka. Mgongoni ilikuwa na matundu ya spika tano na sabufa moja: spika mbili za mbele, moja ya katikati chini ya televisheni, mbili za kukaa nyuma ya kochi, na sabufa pembeni ya kutoa besi. Yeye hakuwa na hata moja.

"Nitaikamilisha kwa dola mia mbili," alimwambia mkewe. "Zote za mtumba. Haitazidi hapo."

Velma alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu vya kazi. "Mia mbili ya kusikiliza nini?"

"Sinema. Mpira. Gari likipita nyuma yako kwa sinema, unalisikia nyuma yako kweli."

Velma akasema kitu akiwa bado ameinama, akachukua funguo, akaenda zamu.

Eliakim alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alishughulikia madai ya bima katika kampuni moja kule Eden Prairie, siku mbili ofisini na tatu nyumbani. Velma alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Saint Paul, zamu za saa kumi na mbili. Mtoto wao wa pekee, Moraa, alikuwa ameondoka Agosti kwenda chuo kikuu Duluth, na tangu hapo Eliakim hakutulia. Alianza kupaka rangi gereji akaacha nusu. Alianza kukimbia asubuhi, akaacha kwa sababu alikuwa akiyumba kidogo, akasema ni viatu. Ofisini alichoka kupita kiasi. Aliona watu wa siku hizi wanaongea chini chini, hasa kwenye mikutano, na akitoka huko kichwa kinamuuma. Kuna kitu kilikuwa hakijakaa sawa katika maisha yake, hakujua ni kipi, na ile amplifaya ilimpa kitu cha kurekebisha.

Akaanza kuwinda spika. Kila jioni alipekua matangazo ya watu wanaouza vitu vyao, na kila Velma alipokuwa ofu, hana zamu, yeye alikuwa barabarani. Spika mbili za mbele alizipata Saint Paul, kwa mama mmoja Mkongo aitwaye Joyeuse, aliyezitumia kuwekea maua.

"Unipe trente, dola thelathini, papa, ni bei ya mwisho," Joyeuse alisema, akiondoa vyungu. "Mume alikwenda, aliniachia masanduku. Mimi nilitaka aache gari."

Siku hiyo Velma alikuwa amefuatana naye. Wakirudi, Eliakim aliendesha macho mbele, akiwaza urefu wa nyaya. Velma alikaa kiti cha abiria, mkono wake wa kulia, akizungumza. Walipofika darajani alikuwa amenyamaza, anaangalia barafu ya mtoni. Hakufuatana naye tena.

Spika ya katikati ilitoka duka la mitumba, dola kumi na mbili, ikiwa na stika ya bei iliyogoma kubanduka. Sabufa aliinunua kwa mwanafunzi aliyekatazwa na mwenye nyumba kuitumia. Zikabaki mbili za nyuma, na hizo zilimsumbua wiki tatu, kwa sababu watu huziuza na seti nzima. Mwishowe akaziona mji wa Anoka: jozi moja, dola thelathini na tano, muuzaji mzee wa Kizungu aitwaye Harrison. Eliakim aliomba ruhusa kazini mchana, akaendesha hadi huko huku theluji ikimrukia kiooni, akarudi nazo amezilaza kwenye blanketi.

Jumamosi hiyo akazifunga zote. Alipanda ngazi, akashuka, akatoboa ukuta mahali ambapo Velma alikuwa amekataza, akapitisha nyaya. Kisha akakaa katikati ya kochi na kubonyeza rimoti. Amplifaya ilikuwa na mlio wa majaribio, sauti kama ya mvua juu ya mabati, uliotoka kwenye spika moja, ukahamia nyingine, hadi ukamaliza duara na kuanza upya.

Mbele kushoto, mvua. Katikati, mvua. Mbele kulia, manyunyu tu. Nyuma kulia, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Nyuma kushoto, mvua tena, nzito.

Aliinuka akaenda kwenye spika ya nyuma kulia, akainamisha kichwa, akaisogelea kwa sikio la kushoto kama alivyozoea kusikiliza simu. Ilikuwa inalia vizuri. Akarudi kwenye kochi. Ikapotea.

"Mzee ameniuzia mbovu," akasema peke yake.

Kesho yake baada ya kanisa alikuwa tena Anoka, spika mkononi. Harrison alimkaribisha gerejini bila kinyongo, akaiunganisha kwenye redio yake ya zamani iliyokuwa juu ya meza ya kazi. Muziki ukajaa gereji.

"Nimefanya kazi kiwandani miaka thelathini na minane," mzee alisema kwa Kiingereza, akigusa vifaa vidogo vilivyokuwa nyuma ya masikio yake. "Masikio yangu yote mawili yanakwenda kwa betri, na hata mimi naisikia."

Eliakim akaona aibu. Akainama kuchomoa waya. Alipoinua kichwa, Harrison alikuwa amezunguka meza na kusimama upande wake wa pili, anamtazama.

"Nimekuuliza mara mbili," mzee akasema. "Nyumbani unakaa umbali gani na spika?"

"Samahani. Nilikuwa nawaza. Kama futi sita."

"Basi siyo umbali," Harrison akasema, bado anamtazama, kama anayetaka kuongeza neno. Akamfungulia mlango.

Nyumbani Eliakim alifanya jambo ambalo angepaswa kulifanya mwanzo: alibadilisha zile mbili za nyuma, ya kushoto akaiweka kulia. Ile iliyokuwa nzima nayo ikafifia. Kwa hiyo siyo spika. Akanunua waya mpya. Ikafifia vilevile. Akaingia kwenye mipangilio ya amplifaya, akapandisha sauti ya spika za kulia hadi mwisho. Ikasaidia kidogo tu, na Velma akatoka jikoni mkono sikioni.

"Upande ule unapiga kelele," alisema. "Punguza."

"Upande gani?"

"Huo! Wa dirishani!"

Dirisha lilikuwa kulia. Eliakim alidhani anamtania.

Sasa hakulala vizuri. Akiwa kazini alichora chumba kwenye karatasi na kuandika vipimo. Katikati ya mkutano, mkuu wake alilazimika kumwita jina mara tatu. Aliamua kwamba tatizo ni amplifaya yenyewe, kwamba theluji iliingia upande mmoja ikaua kitu ndani, na Alhamisi akitoka ofisini alipita kwenye nyumba moja kubwa kule kule Eden Prairie akanunua nyingine, dola tisini. Mia mbili ikawa imepita.

Velma aliikuta mezani.

"Ni ya pili hiyo?"

"Ile ya kwanza ina shida upande wa kulia."

"Si ulisema mia mbili?"

"Velma, kuna kitu hakijakaa sawa, nakitafuta. Nikikipata nitaacha."

"Kuna kitu hakijakaa sawa, ndiyo," Velma alisema. Alisimama pale na koti lake la kazi, beji bado shingoni, kama anayengoja aulizwe ni kipi. Eliakim alikuwa tayari amepiga magoti anachomoa nyaya. Velma akapanda ghorofani.

Amplifaya mpya ikawaka. Kulia ikafifia.

Jumapili hiyo akamwita rafiki yake Abdulkarim, Mtanzania wa Tanga aliyefanya kazi katika ofisi za jimbo Saint Paul, na ambaye zamani alisomea umeme wa mitambo. Abdulkarim alivua viatu mlangoni, akasalimia, akakaa pale pale katikati ya kochi, akafumba macho. Mvua ikazunguka mara mbili.

"Bwana Eliakim, mtambo huu ni mzima kabisa," akasema. "Tena umeupata kwa bei nzuri."

"Kulia je?"

"Kulia ipo. Ila umeipandisha mno. Hii ya nyuma inanipigia kelele sikioni. Ishushe, ilingane na wenzake."

"Unaisikia sawasawa na ya kushoto?"

"Zaidi ya kushoto, nakwambia." Abdulkarim akafumbua macho. "Kwani wewe huisikii?"

"Naisikia," Eliakim akasema haraka. "Nilitaka tu kuhakikisha."

Rafiki yake alipoondoka, aliamua kwamba Abdulkarim ni mtu wa adabu, asiyependa kumvunja mwenzake moyo. Haikumwingia akilini kitu kingine chochote.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Machi, saa tisa alasiri. Theluji ilikuwa inayeyuka na kudondoka kutoka paani. Velma alikuwa kanisani kwenye kikao cha kina mama. Eliakim aliwasha mlio wa majaribio, akauacha uzunguke, kisha akapiga magoti juu ya kochi, uso ukielekea ukuta wa nyuma, ili abane waya uliokuwa umelegea kando ya kapeti.

Mvua ilimshukia mkono wa kushoto, nzito hata akashtuka. Ilikuwa ile ile spika ya nyuma kulia. Kwa vile alikuwa ameugeukia ukuta, sasa ilikuwa upande wake wa kushoto. Alicheka kwa sauti. Kumbe ni huu waya! Akaubana vizuri, akangoja.

Mlio ukahamia spika ya pili, ile ambayo haijawahi kumsumbua. Ikafifia.

Akabaki na bano mkononi. Akangoja mlio uzunguke tena. Kulikokuwa kumekufa kukawa hai, na kulikokuwa hai kukafa. Akageuka, akakaa akitazama televisheni kama siku zote. Spika ya nyuma kulia ikatoweka. Akageukia ukuta. Ikarudi. Alifanya hivyo mara nne, akigeuka kwenye kochi kama mtu aliyekosa pa kukaa. Nyaya hazikuwa zimeguswa. Kilichokuwa kinageuka ni kichwa chake.

Akazima mtambo. Akachukua simu, akampigia Moraa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda asioukumbuka akaiweka sikio la kulia. Hakuna kitu. Aliiondoa akaitazama: sekunde zilikuwa zinakwenda, sita, saba, nane. Akairudisha. Kimya. Akaihamishia kushoto.

"Dad? Dad, hello?" Moraa alikuwa anaita.

"Niko hapa, mama. Nimekupigia tu."

Moraa akauliza kwa Kiingereza kama kila kitu kiko sawa. Akamjibu kwamba kiko sawa, amsalimie mwenzake wa chumbani, asome vizuri. Alipokata simu akaenda jikoni, akarudi sebuleni, akatoka nje hadi kwenye gari, akarudi. Kila alipopita mahali alijaribu: akasugua vidole kando ya sikio la kulia, akagonga saa yake, akasimama karibu na friji. Kwa miezi mingi alikuwa amemlalamikia Velma kwamba friji inavuma. Sasa aliichomoa kwenye umeme. Mvumo ukaendelea, ndani ya kichwa chake.

Velma aliporudi saa kumi na moja alimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Kuna nini? Moraa?"

"Moraa ni mzima. Ni mimi. Sikio la kulia halisikii."

"Tangu lini?"

"Sijui. Nimejua leo."

Velma hakuvua koti. Alisimama nyuma yake, akasugua vidole kando ya sikio moja, kisha la pili, akamwambia ainue mkono anaposikia. Aliinua mkono mara zote za kushoto. Akamuuliza kama anapata kizunguzungu, kama anaanguka, kama uso unakufa ganzi. Alikuwa na sauti yake ya kazini, tulivu, ya kuuliza na kungoja. Eliakim alimweleza kuhusu kuyumba, kuhusu friji, kuhusu mvua iliyokuwa inazunguka kochi.

"Jumatatu nampigia daktari simu," Velma akasema. "Hii haingojwi."

Kisha akakaa kwenye ngazi, chini yake kidogo, akimpa mgongo. Alipoanza kuongea ile sauti ya kazini ilikuwa imekwisha.

"Kwa hiyo kwa gari ulikuwa hunisikii."

"Kwa gari?"

"Mimi nakaa kulia kwako. Kila siku. Hata kwa kochi nakaa kulia kwako. Nimekuwa nikiongea na hilo sikio."

Eliakim hakuwa amelifikiria hilo. "Pole," akasema.

"Novemba." Velma aligeuka akamtazama. "Tulikuwa tunatoka kanisani. Nilikuambia nimepata kitu kwa titi. Nikakuambia Jumanne nakwenda kupigwa picha. Nikakuuliza kama utakuja na mimi."

"Sikusikia."

"Uliitikia."

"Sikusikia, Velma, naapa."

"Ulisema 'mm.' Nikauliza tena, ukasema 'mm.' Nikajua utakuja. Jumanne asubuhi nikavaa, nikashuka, nikakuta umeshachukua laptopu yako umeenda ofisini. Nikaenda peke yangu. Wakachukua kipande cha kupima. Nikangoja majibu siku sita. Siku sita, Eliakim, unakula kwa meza yangu, unaniuliza rimoti iko wapi."

"Na ilikuwa..."

"Haikuwa kitu. Ni kifuko cha maji." Akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Lakini hizo siku sita sikujua hivyo."

"Ungeniambia tena."

"Mara ya tatu? Mtu akishakubali halafu asije, anaambiwa nini tena?"

Eliakim alitaka kusema kwamba kosa si lake, kwamba ni sikio. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini alikumbuka zile 'mm' zote. Alizikumbuka ofisini, kanisani, kwenye simu na ndugu zake. Miaka miwili hivi, pengine zaidi, kila aliposhindwa kupata mtu anasema nini, alikuwa ameitikia tu ili mambo yaende, kwa sababu kuuliza mara ya pili kulimfanya ajione mzee.

"Nisiposikia huwa naitikia," akasema. "Nimezoea. Nilijua kwamba sijasikia, nikaitikia. Hilo ni langu."

Velma akatikisa kichwa, siyo kwa kumsamehe wala kumkatalia. Akasimama, akavua koti, akaenda jikoni. Baada ya kitambo akaita kwa sauti kubwa, kubwa kupita kiasi, hata kwa sikio zima:

"Nani amechomoa friji?"

Siku ya daktari, Velma alinyoosha mkono akachukua funguo mezani. "Nita-drive mimi," alisema. Eliakim akaingia kiti cha abiria, na kwa namna hiyo Velma akawa kushoto kwake. Kutoka Brooklyn Park hadi Saint Paul aliongea bila kupumzika: msimamizi mpya wa wodi, bei ya mchele wa duka la Wahindi, mwenzao Jedidah aliyekuwa anataka kurudi Kenya moja kwa moja na mumewe hataki. Eliakim alisikia kila neno. Aliona kwamba mengine ni habari za Krismasi, alizopaswa kuzijua zamani, na kwamba Velma alikuwa anazipitia upya, moja baada ya nyingine, bila kusema kwamba ni za marudio.

Walimweka katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, hedifoni masikioni na kitufe mkononi, abonyeze kila anaposikia mlio. Upande wa kushoto alibonyeza na kubonyeza. Upande wa kulia alikaa, kidole tayari, akimtazama mtaalamu wa kike kwenye kioo, ambaye alikuwa anazungusha kitu, anaandika, anazungusha tena. Alitamani kubonyeza tu, ili ampe kitu. Hakubonyeza.

Wakamtuma kupigwa picha ya kichwa ya MRI. Majibu yalichukua siku kumi na moja, na hizo zilikuwa mbaya kuliko majira yote ya baridi. Hakutaka kuigusa amplifaya. Alitembea. Alitembea mpaka kituo cha mafuta na kurudi, alizunguka maduka makubwa ambayo hakuwa na shida nayo, alikwenda akasimama kando ya Mississippi ambako vipande vya mwisho vya barafu vilikuwa vinashuka na maji. Alijua sasa siku sita zina urefu gani. Hakumwambia Velma hivyo, kwa sababu ingesikika kama anaomba walingane.

Ulikuwa uvimbe mdogo kama punje ya njegere, juu ya mshipa wa fahamu wa sikio. Siyo saratani. Daktari alisema huota polepole, wataupiga picha kila miezi sita, na usipokua hautaguswa. Usikivu uliokwenda haungerudi.

"Hata nusu?" Eliakim aliuliza.

"Hata nusu," daktari akasema, na Velma, aliyekuwa ameisoma picha kabla hajaelezwa, akaandika tarehe ya miezi sita kwenye simu yake.

Amplifaya ya pili Abdulkarim aliinunua kwa dola tisini zilezile, akakataa kupunguziwa. Alikuja kuichukua na mkewe Tulia, na kabla ya kuondoka akashusha zile spika za kulia mpaka zikalingana na zile nyingine. Tulia akakaa katikati ya kochi akasikiliza, akasema nyumba yao haitapata amani tena mpaka wapate mtambo kama huu. Eliakim alimtazama usoni alivyokuwa anageuza macho kufuata sauti, kushoto, kulia, nyuma. Hivyo ndivyo alivyopata kujua kwamba mtambo wake unafanya kazi. Yeye mwenyewe sauti zote zilimjia kutoka upande mmoja, na zingeendelea kumjia hivyo. Kwa siku kadhaa jambo hilo lilimuuma kama msiba mdogo asioweza kumweleza mtu. Halafu mashindano ya riadha yakaanza, Velma akaanza kuangalia jioni akitoka kazini, na Eliakim akawa anakaa mwisho kabisa wa kochi upande wa kulia, mke na mtambo wote wakiwa kushoto kwake.

Kutulia hakutulia. Alimaliza kupaka rangi gereji. Ofisini alimwambia mkuu wake ukweli, akahamishiwa kiti cha pembeni ambako watu wote walikuwa upande wake mzuri. Kuuliza mara ya pili kulimgharimu kila mara. Kuna siku ambazo bado 'mm' ilimtoka kabla hajaizuia, na Velma, akiisikia, alikuwa anaacha kila alichokuwa anafanya na kumkazia macho mpaka aseme, "Sijakupata. Rudia."

Novemba Velma alipaswa kurudia picha yake ya mwaka. Hakumwambia kwenye gari. Alimwekea barua ya hospitali mezani, kando ya kikombe, akaenda kuoga. Eliakim aliisoma akiwa amesimama, akaomba ruhusa ya siku nzima kabla Velma hajatoka bafuni.

"Si lazima siku nzima," Velma alisema aliposikia.

"Nimeshaomba."

"Utakaa tu. Hakuna kitu cha kufanya pale."

"Nitakaa."

Njiani hawakuongea sana. Kwenye chumba cha kungojea palikuwa na viti vingi vitupu, na Eliakim alijaribu vitatu kabla ya kuridhika. Alichagua kimoja kilichotazamana na mlango wa ndani, ili muuguzi akija aone midomo yake. Alipoitwa jina, Velma akasimama, na Eliakim naye akasimama.

"Wewe kaa," Velma alimwambia. "Hii ni yangu." Akavua koti, akamrundikia mapajani na mkoba juu yake, akaingia.

Ilichukua dakika arobaini. Alitaka kwenda kwenye mashine ya kahawa iliyokuwa nyuma yake, akaogopa kwamba atageuka na mlango ufunguke bila yeye kusikia. Miguu ilitaka kutembea. Aliishikilia kwa uzito wa koti na mkoba. Mlango ulifunguka mara tano, wakatoka watu wengine, na kila mara alijiinua nusu kisha akakaa. Mara ya sita alikuwa Velma. Alisimama mlangoni akimtafuta kwa macho, akamwona, akaanza kuja.